Mlima Kenya: tupande kwa njia ipi hadi Lenana, na tushuke kwa ipi?

Mkazi wa Arusha

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Tupo marafiki wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, na tumepanga kupanda Mlima Kenya mwezi wa pili mwakani hadi kilele cha Lenana chenye mita 4,985. Hatuna utaalamu wa kukwea miamba kwa kamba, kwa hiyo Batian na Nelion, vilele viwili virefu zaidi vya mlima huo, tumewaachia wenye kazi yao, ingawa mmoja wetu hakomi kuuliza kama kweli haiwezekani. Mlima mkubwa tuliokwisha kuupanda ni Meru, huku kwetu, kwa kulala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle kama ilivyo kawaida.

Tunaomba ushauri juu ya njia. Tumesoma kuhusu Naro Moru, Sirimon na Chogoria, na kadiri tunavyozidi kusoma ndivyo tunavyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu kila kampuni huisifu njia inayoiuza. Mwenzetu mmoja anapendelea Naro Moru kwa kuwa ndiyo fupi, na likizo zetu zinabana. Wasiwasi wangu mimi ni mwingine. Dada mmoja katika kundi letu aliumwa sana kichwa na kutapika usiku ule tuliolala Saddle, penye mita 3,570, akashindwa kuendelea, ilhali ndiye mwenye pumzi kuliko sisi sote na hukimbia mbio ndefu kila wiki. Je, ipo njia ya Mlima Kenya itakayomfaa zaidi mtu wa namna hiyo? Na je, huko mnapanda na askari mwenye bunduki kama ilivyo Meru, au wanyama si tatizo?

Mwelekezi wa Nanyuki

Karibuni Kenya. Kazi yangu ni kuwaongoza wapandaji katika mlima huu, na kabla sijataja njia yoyote niseme kwamba hamu ya njia fupi ndiyo inayowaharibia watu wengi safari. Naro Moru ni fupi kweli. Gari lenye nguvu huweza kuwatoa langoni, takriban mita 2,400, likawafikisha kambi ya Met Station, mita 3,050, na siku ya pili mkalala Kambi ya Mackinder katika bonde la Teleki, mita 4,200 hivi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeamka nyumbani kwake Nairobi siku ya Ijumaa anaweza kulala mita 4,200 Jumamosi na kuanza kuipanda Lenana usiku wa kuamkia Jumapili, na hao ndio tunaowashusha wakiwa wameshikwa mabega huku na huku.

Halafu kuna kinamasi. Ukishatoka msituni juu ya Met Station unaingia kwenye mteremko ambao wapandaji huuita Vertical Bog, wenye mafundo makubwa ya nyasi yaliyozungukwa na tope jeusi. Hatua ni ya kuruka kutoka fundo hadi fundo. Ukikosea mguu unazama hadi ugokoni, na kiatu kikishalowa hapo msitarajie kikauke kambini, kwa kuwa usiku maji yanaganda. Mwezi wa pili huwa ni kiangazi na hali huwa nafuu, lakini kinamasi chenyewe hakiondoki.

Kwa kundi lenu mimi ningechagua Sirimon. Lango lake, mita 2,650 hivi, liko mwendo mfupi kutoka Nanyuki kwa barabara ya kwenda mji wa Meru wa huku Kenya. Upande huu wa kaskazini ndio mkavu kuliko pande zote, kwa sababu pepo zinazoleta mvua hupiga zaidi kusini-mashariki mwa mlima. Mtalala kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha mtafuata bonde la Mackinder hadi Kambi ya Shipton, mita 4,200, ambako mtaviona vilele vyote vikubwa vimesimama juu ya mahema yenu. Kutoka Shipton mtaondoka saa tisa usiku ili mfike Lenana kabla jua halijachomoza. Kisha msirudi mlikotoka. Shukeni upande wa pili kwa Chogoria, mpite Hall Tarns, penye vijiziwa vya juu mlimani, ambako ndiko kwenye mandhari ya kukumbukwa. Kwa ajili ya huyo dada, ongezeni usiku mmoja Old Moses. Mchana wa siku hiyo ya ziada mnapanda juu kidogo kutembea, kisha mnarudi kulala pale pale.

Kuhusu wanyama, kutembea na askari mwenye bunduki si sharti kwetu kama ilivyo Meru, lakini tembo na nyati wamo katika ukanda wa msitu na mianzi, na nyati hukaribia sana Met Station. Tembeeni mchana, msitangulie mwelekezi wenu, wala msitoke hemani usiku kwenda kichakani mkiwa bado msituni. Mkishavuka msitu, atakayewasumbua ni pimbi wa Shipton, ambaye ataingia jikoni mkimtazama na kuondoka na mkate. Pia fahamuni kwamba Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, haliruhusu mtu kuingia mlimani peke yake. Nyinyi ni wanne, lakini tafuteni mwelekezi, kwa sababu ukungu wa alasiri hufuta njia yote machoni.

Tabibu wa Nyeri

Naomba niliingilie swali la dada aliyeugua, maana ndilo zito zaidi katika maelezo yote ya muulizaji, na jibu lake ndilo linalopaswa kuchagua njia.

Kwanza, kwamba hukimbia kila wiki hakumkingi. Ugonjwa wa mwinuko hautokani na udhaifu wa misuli wala wa mapafu. Unatokana na mwili kupandishwa juu upesi kuliko unavyoweza kujirekebisha kwa hewa yenye oksijeni chache, na watu hutofautiana kimaumbile katika kasi hiyo ya kujirekebisha. Tena mwenye mazoezi mazuri mara nyingi hujiponza, kwa kuwa miguu yake humruhusu kwenda mbio wakati wenzake wameshalazimika kupunguza mwendo. Aliyewahi kuugua kwenye mita 3,570 ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuugua tena akipandishwa kwa kasi ile ile.

Pili, kinachohesabiwa hasa ni mahali mnapolala, si mahali mnapofika mchana. Kanuni inayokubalika katika tiba ya milimani ni kwamba, mkishavuka mita 3,000, kila usiku msilale zaidi ya mita 500 juu ya mlipolala usiku uliotangulia, na kila baada ya siku tatu au nne muwe na siku ya kutopanda. Sasa itazameni ratiba ya Mwelekezi: kutoka Old Moses hadi Shipton ni mita 900 kwa hatua moja. Usiku wa ziada Old Moses unasaidia, sikatai, lakini hatua yenyewe inabaki kubwa vile vile. Kwa Sirimon ingefaa zaidi mlale mahali pa kati, kama vile Liki North, ambako ni chini kidogo ya mita 4,000, kabla ya kwenda Shipton. Naro Moru ni mbaya zaidi, kwa sababu kutoka Met Station hadi Mackinder ni zaidi ya mita 1,100, na mtu hufanya hivyo akiwa hajalala popote juu ila usiku mmoja tu.

Tatu, kuna dawa iitwayo asetazolamidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Diamox. Huharakisha mwili kuzoea, na kwa kinga kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Dada huyo aonane na daktari huko Arusha mapema, hasa kama ana mzio wa dawa za jamii ya salfa. Ajue pia kwamba atakojoa mara nyingi na vidole vitamwasha, mambo ambayo si ya kumtisha. Dawa hiyo haitoi ruhusa ya kukimbia. Ratiba mbovu hubaki mbovu.

La mwisho ni lile ambalo kila mmoja wenu anapaswa kulijua, si yeye peke yake. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu yanataka mtu abaki pale alipo, asipande hata hatua moja mpaka yaishe. Lakini akianza kuhema akiwa ameketi tu, akakohoa mfululizo na midomo ikageuka rangi, hapo mapafu yanajaa maji. Na akianza kuyumba au kujibu maswali ovyo, ubongo unavimba. Mwambieni atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, na akishindwa mumshushe saa hiyo hiyo, iwe usiku iwe mchana, akiwa na mtu wa kumsindikiza. Hakuna kungoja asubuhi.

Binti Tharaka

Nimefurahi Tabibu ameleta hesabu ya mahali pa kulala, kwa maana ndiyo hesabu inayoitetea Chogoria, njia ambayo watu wa Nanyuki wameizoesha kazi ya kushukia tu.

Hebu tuihesabu. Lango la Chogoria liko takriban mita 2,950, na pana mabanda ya kulala karibu yake, kwa hiyo usiku wa kwanza mnalala hapo. Usiku wa pili mnalala Ziwa Ellis, takriban mita 3,500. Usiku wa tatu mnalala Ziwa Michaelson, karibu na mita 4,000, chini kabisa ya Bonde la Gorges. Usiku wa nne Hall Tarns, mita 4,300, na kutoka hapo ndipo mnaipanda Lenana. Hakuna hatua inayozidi ile kanuni kwa kiasi cha kutisha, wala hamhitaji kukaa siku nzima bure mahali pamoja ili mwili uzoee, kwa sababu njia yenyewe imepangika hivyo.

Tena mnayaona mambo kwa mfuatano unaostahili. Kutoka ziwani Michaelson mnatazama juu na kuona ukuta wa jabali unaoitwa Temple, wima mtupu. Siku ya pili mmesimama juu ya ukuta huo huo, mahema ya jana yakionekana madogo ukingoni mwa maji. Anayeshuka kwa Chogoria hupita hapo mchana wa siku aliyoamka saa nane usiku, magoti yakiuma, macho yakitafuta kambi tu. Mimi naona huko ni kuupoteza upande mzuri kuliko wote wa mlima huu.

Nitakuwa mkweli juu ya kasoro zake. Upande wetu hupata mvua zaidi, na barabara ya udongo kutoka mji wa Chogoria kupanda hadi langoni huteleza vibaya. Hata Februari mvua ya siku moja hutosha kuikwamisha gari, kwa hiyo msikubali gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Wenye magari ya huko mjini wanaijua barabara hiyo kuliko dereva yeyote mtakayemtoa Nairobi. Kisha shukeni kwa Sirimon, ambayo ni rahisi kwa miguu iliyochoka: kutoka Lenana mnateremka Shipton kula, mnaendelea hadi Old Moses kulala, na kesho yake mko Nanyuki.

Mwelekezi wa Nanyuki

Dada Tharaka, hesabu yako ni sahihi na sina ubishi nayo. Ninachoongeza ni kwamba ratiba yako ina usiku mmoja zaidi ya ile niliyoitaja, na muulizaji ametuambia likizo zinabana. Kundi likiwa na usiku tano za kulala mlimani, na mimi nasema wapande kwa Chogoria. Wakiwa na nne tu, nabaki na Sirimon, ila badala ya usiku wa pili Old Moses walale Liki North kama alivyosema Tabibu. Pale hakuna starehe, na lazima wabebe mahema. Wakiwa na tatu, bora waahirishe.

Lipo pia jambo la uokoaji ambalo halijatajwa. Mtu akizidiwa Shipton, anashuka bonde moja lililonyooka hadi Old Moses, na kutoka hapo pana barabara ya gari. Akizidiwa Michaelson au Hall Tarns, safari ya kumfikisha kwenye gari ni ndefu, na gari lenyewe hutegemea barabara iliyosemwa hapo juu. Kwa mtu mwenye historia ya kuugua, hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Tabibu wa Nyeri

Hoja ya uokoaji ni ya kweli, lakini kati ya njia ambayo humshusha mgonjwa kwa urahisi na njia ambayo hupunguza uwezekano wa mtu kuugua, mimi huchagua ya pili, mradi kundi lipime hali ya kila mtu jioni na asubuhi na liwe tayari kugeuka mapema. Ziwa Ellis ni mahali pazuri pa kufanyia uamuzi huo. Kama dada ataamka pale akiwa na kichwa kizito na hamu ya chakula imepotea, wote wabaki hapo usiku mwingine, au yeye arudi langoni na mtu mmoja.

Mkazi wa Arusha

Nawashukuru sana. Tumekaa jana jioni wote wanne tukayasoma majibu haya kwa sauti, na aliyekuwa akiipigania Naro Moru ameikubali Chogoria mwenyewe. Likizo tutaziongeza ili tupate usiku tano. Dada amekubali kwenda kwa daktari, na amekubali pia, kwa shingo upande, kwamba atatembea nyuma ya kundi.

Nimebakiwa na maswali matatu. Je, inaruhusiwa kuingia kwa lango moja na kutokea lingine? Je, ni vifaa gani tunaweza kukodi huko badala ya kuvibeba kutoka Arusha? Na yule mwenzetu ameniapia kwamba hatalala mpaka apate jibu la Batian.

Mshika Kamba

La Batian niachieni mimi. Batian ina mita 5,199 na Nelion 5,188, na hakuna njia ya kutembea kwa miguu kufika kwenye mojawapo. Kila njia ni ya kukwea mwamba kwa kamba, urefu baada ya urefu, na kurudi ni kwa kuteremka na kamba. Mackinder alifika Batian mwaka 1899 akiwa na waelekezi wawili wa Alps, Ollier na Brocherel, na Nelion haikupandwa mpaka mwaka 1929, na Shipton na Wyn Harris. Uso wa kusini-mashariki wa Nelion, walioupandia hao wawili, bado ndio njia ya kawaida ya kilele hicho.

Kwa kuwa mlima umekaa karibu kabisa na ikweta, jua hubadilisha upande: kuanzia Juni hadi Septemba huupiga uso wa kaskazini na kuukausha, na ndio wakati wa kuipanda Batian kwa njia ya kaskazini, Desemba hadi Februari huhamia kusini, na hapo ndipo Nelion hupandika. Kwa hiyo mwezi mliouchagua unaifaa Nelion. Lakini mwambieni rafiki yenu kwamba kukodi mtu wa kumvuta kwa kamba hakumfanyi mkwezi. Ajifunze kwanza kwenye majabali ya karibu na Nairobi kama Lukenya, au ya Hell's Gate huko Naivasha, aweze kufunga fundo lake gizani na kuteremka kwa kamba bila kusimamiwa, ndipo arudi na swali hilo.

Kwa sasa akitaka kushika chuma, karibu na kilele cha Lenana kuna sehemu yenye waya na vishikio vilivyopigiliwa kwenye mwamba, ambako mpandaji hujifunga kwa mkanda na kulabu. Ni njia ya hiari, wala si lazima kupita hapo ili kufika juu. Barafuto la Lewis ataliona upande wa pili wa Lenana, na alitazame vizuri, kwa maana lililobaki ni kipande kidogo cha lile lililokuwapo miaka ya 1930.

Binti Tharaka

Kuingia lango moja na kutokea lingine kunaruhusiwa. Semeni mapema wakati wa kulipia na wakati wa kujiandikisha langoni, ili jina lenu lisibaki likisubiriwa Chogoria mkiwa mmeshatoka Sirimon. Malipo ni ya mtandao, fedha taslimu hazipokelewi, kwa hiyo fanyeni hivyo mkiwa bado mjini penye mawasiliano. Bebeni pasipoti au vitambulisho halisi, kwa kuwa viwango vya raia wa Afrika Mashariki na vya wageni wengine havilingani.

Kutoka Namanga na Nairobi, matatu za kuja kwetu hupita Embu na Chuka. Msipande za Nanyuki kwa mazoea. Mkija na gari lenu wenyewe, liacheni Nanyuki badala ya Chogoria, mzunguke kwa matatu kupitia Timau na Meru mjini hadi Chogoria, ili mkishuka mmechoka mlikute gari mnapotokea.

Mwelekezi wa Nanyuki

Hema, mfuko wa kulalia, fimbo na koti zito vinakodiwa Nanyuki na Naro Moru, na wenye kazi hii Chogoria nao wanavyo, ila agizeni mapema na mvikague kabla ya kulipa: fungueni zipu zote za mfuko wa kulalia na mlisimamishe hema pale pale dukani. Viatu msikodi, njooni na vyenu vilivyokwisha kuzoea miguu. Tochi ya kichwani kila mtu awe na yake pamoja na betri za akiba, na betri hizo ziwekwe mfukoni mwa nguo usiku, maana baridi huzimaliza.

Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa katika hifadhi zote za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020, na mifuko ya plastiki ilishakatazwa nchini kote tangu 2017, kwa hiyo njooni na chupa za kudumu na mifuko ya kitambaa. Moto wa kuni hauruhusiwi, mtapika kwa gesi. Maji ya kunywa mtayateka mitoni na ziwani, na myachemshe. Usiku wa Hall Tarns ingizeni chupa ndani ya mifuko ya kulalia pamoja nanyi, la sivyo saa tisa mtakapoamka kwenda Lenana mtakuta barafu badala ya maji.